Nani Aliyeukausha Mfuko wa Mji?

Iko hoja moja tuliyoisikia mara nyingi, nayo huvaa nguo za hekima. Yasema hivi: Mji ukishindwa kulipa madeni yake, watu wake wamejionyesha kuwa hawawezi kujitawala, basi na wanyang'anywe baraza lao, waletewe msimamizi kutoka juu, akate matumizi mpaka hesabu ikae sawa. Wenye hoja hii hupenda kutaja mithali ya wazee, "Dawa ya deni ni kulipa," na nyingine isemayo, "Kukopa arusi, kulipa matanga." Mithali hizo ni za kweli, wala hatuna neno nazo. Walakini hoja yenyewe twaikataa, na leo twataka kuonyesha sababu. Maana kabla ya kumhukumu mtu kwa kuwa mfuko wake ni mtupu, yampasa hakimu kuuliza kwanza: Kamba ya mfuko huo ilikuwa mkononi mwa nani?

Na tueleze maneno kwanza, ili msomaji asiachwe nyuma. Shirikisho ni nchi ambayo mamlaka yake yamegawanywa kwa katiba baina ya serikali mbili: serikali kuu ya nchi nzima, na serikali za majimbo. Marekani ni shirikisho la majimbo 50, Ujerumani la majimbo 16, Nigeria la majimbo 36. Chini ya majimbo hayo ndiko iliko miji, na hapo ndipo shida inapoanza. Kwani katika nchi nyingi za namna hii katiba ilikuwa mapatano ya wakubwa wawili waliokaa mezani, yaani serikali kuu na majimbo. Mji haukuitwa mezani. Uliketi nje ukingoja kuletewa kitakachosalia.

Tuchukue Marekani iwe mfano wetu, maana huko jambo hili laonekana wazi kuliko mahali pengi. Katiba ya nchi hiyo, iliyoandikwa mwaka 1787, haizitaji serikali za miji hata mara moja. Mwaka 1868 jaji mmoja wa jimbo la Iowa, jina lake John Forrest Dillon, alifundisha katika hukumu yake ya kuwa mji ni kiumbe cha jimbo: jimbo ndilo liuumbalo, nalo laweza kuuvunja, wala mji hauna mamlaka ila yale uliyopewa. Mwaka 1907 Mahakama Kuu ya nchi nzima ikaifuata njia hiyo hiyo. Mji wa Allegheny ulikuwa umeunganishwa na mji mkubwa wa Pittsburgh, ijapokuwa wengi wa wenyeji wake walipiga kura kukataa. Wakaenda mahakamani, wakashindwa. Wakaambiwa ya kuwa jimbo laweza kuifanyia miji yake litakavyo. Baadaye majimbo mengi, Michigan likiwamo, yaliipa miji ruhusa ya kujiandikia kanuni zake na kuchagua viongozi wake. Lakini kamba ya mfuko haikuachiliwa. Mtoto alipewa nyumba, funguo zikabaki kwa baba.

Sasa tutazame kazi za mji. Mji huleta maji na kuondoa maji machafu. Huzoa taka, huzima moto, hulinda watu usiku, hutengeneza njia, huwasha taa. Kazi hizi hazingoji. Bunge laweza kuahirisha shauri mwaka mzima, lakini mtu hawezi kuahirisha kiu. Na fedha za kazi hizi hutoka katika chemchemi nne: kodi ya nyumba na viwanja, kodi ya mapato, pale mji uliporuhusiwa kuitoza, malipo ya huduma, kama vile maji, na fungu linaloletwa na serikali zilizo juu. Katika jimbo la Michigan chemchemi hizi zina vifuniko, na mwenye kuvishika si mji.

Tuutazame mji mmoja tu wa jimbo hilo, uitwao Flint. Hapo ndipo kampuni ya magari ya General Motors ilipoanzishwa mwaka 1908. Mwaka 1960 wenyeji wa Flint walikuwa karibu 197,000, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni hiyo ilikuwa na wafanya kazi kama 80,000 mjini na pande zake. Kisha viwanda vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2010 wenyeji walikuwa 102,434. Mabomba ya maji, njia na mifereji iliyojengwa kwa ajili ya watu karibu 200,000 ilibaki pale pale, bali watu wa kuilipia walikuwa nusu tu. Bomba halipungui urefu kwa sababu jirani amehama.

Je, mji ungefanya nini? Kodi ya mapato iliruhusiwa na jimbo kwa kiwango maalum: asilimia 1 kwa mwenyeji, na nusu ya asilimia 1 kwa mtu afanyaye kazi mjini na kulala nje. Basi mwenye mshahara mnono aliyehamia kijiji cha jirani alitumia njia za mji kila siku, akalindwa na askari wa mji mchana kutwa, akalipa nusu ya alicholipa mfagiaji anayelala ndani. Kodi ya mauzo mji haukuruhusiwa kuitoza kabisa. Hiyo ni ya jimbo. Na kodi ya nyumba ilifungwa kwa namna ya ajabu. Tangu mwaka 1994 thamani inayotozwa kodi haiwezi kupanda kwa mwaka kupita asilimia 5, au kupita kupanda kwa bei za vitu, ikiwa hiyo ndiyo ndogo, mpaka nyumba iuzwe. Walakini bei za nyumba zikianguka, hesabu ya kodi huweza kuanguka nazo mara moja. Na bei zilianguka vibaya mno tangu mwaka 2008. Kushuka mji ulishuka kwa mtelemko. Kupanda uliamriwa upande kwa magoti.

Imebaki chemchemi ya nne, yaani fungu kutoka juu. Hapa twaomba msomaji aangalie sana, maana ndipo penye kiini cha neno letu. Katiba ya Michigan yaagiza kwamba asilimia 15 ya kodi ya mauzo, ile inayotozwa kwa kiwango cha asilimia 4, igawiwe miji na vijiji kwa hesabu ya watu. Fungu hilo hufika, kwa kuwa limeandikwa katika katiba. Lakini lilikuwako na fungu la pili, lililowekwa kwa sheria ya kawaida tu, nalo lilikuwa tegemeo la miji maskini. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 jimbo lilipoona hesabu zake lenyewe hazikai sawa, lilianza kulikata fungu hili la pili mwaka kwa mwaka. Umoja wa miji ya Michigan ulihesabu ya kuwa katika miaka 10, tangu 2003 hata 2013, zaidi ya dola bilioni 6 ambazo zingefika kwenye serikali za chini zilizuiliwa na kutumiwa na jimbo.

Sisi waalimu twafundisha watoto kwamba ukitoa 6 hapa na kuzitia pale, hukuzifuta, umezihamisha tu. Jimbo lilijisifu ya kuwa limesawazisha vitabu vyake bila deni. Naam, lilisawazisha, lakini deni halikufa, lilihamia ngazi ya chini, kwa wasioweza kulisukuma mahali pengine. Juu yao ni jimbo, na chini yao ni ardhi.

Wala serikali kuu haikuwa mwaminifu kuliko jimbo. Mwaka 1972 ilianza kuzigawia serikali za majimbo na za miji sehemu ya mapato yake bila masharti mengi. Miji ikazoea, ikaajiri watu, ikapanga kazi. Mwaka 1986 mpango huo ukafutwa. Kitolewacho kwa hisani huondolewa kwa hisani. Na mji hauwezi kulipa mishahara ya askari kwa hisani.

Basi mfuko ulipokwisha kukauka, ndipo wenye hekima wa juu walipokuja na dawa yao. Michigan lilikuwa na sheria ya kuweka msimamizi wa dharura katika mji wenye shida ya fedha. Mwaka 2011 sheria hiyo ilitiwa nguvu zaidi. Wananchi wa jimbo waliipinga, nao katika kura ya Novemba 2012 wakaifuta. Haukupita hata mwezi mmoja na nusu, bunge la jimbo likapitisha nyingine ya namna hiyo hiyo, likatia ndani yake fungu la fedha. Maana katiba ya jimbo hairuhusu kura ya wananchi kuifuta sheria yenye mgao wa fedha. Msomaji apime mwenyewe kama huo ndio uungwana.

Msimamizi huyo alikaa mahali pa meya na mahali pa baraza pia. Aliweza kukata mishahara, kuvunja mapatano, na kuuza mali ya mji. Lakini sikilizeni jambo moja: hakuwa na mamlaka ya kuongeza kodi pasipo kura ya wenyeji, wala ya kulirudisha fungu lililokatwa na jimbo. Alipewa kisu, hakupewa ndoo. Mgonjwa aliyekuwa na kiu aliletewa mtu wa kumpunguza mwili.

Flint ulitawaliwa hivyo tangu Desemba 2011 hata Aprili 2015, na watu wanne walipokezana kiti hicho. Katika siku hizo mji ulikuwa ukinunua maji kutoka Detroit, maji ya ziwa Huron, na bei yake ilikuwa kubwa. Baraza la mji lilikubali mwaka 2013 kuingia katika mpango wa bomba jipya kutoka ziwani, hilo hatulifichi. Lakini bomba hilo lilikuwa halijamalizika, na katika kungoja, chini ya utawala wa msimamizi, iliamriwa ya kuwa watu wanywe maji ya mto Flint. Faida iliyotazamiwa ilikuwa kuokoa dola milioni 5 hivi katika miaka 2. Tarehe 25 Aprili 2014 bomba la Detroit likafungwa, na maji ya mto yakafunguliwa.

Maji ya mto yale yalikuwa makali kwa chuma. Kila fundi wa maji ajua ya kuwa maji ya namna hiyo hutiwa dawa inayopaka utando ndani ya bomba, ili madini yasimomonyoke. Dawa hiyo haikutiwa; idara ya mazingira ya jimbo iliona si lazima. Wataalamu walisema baadaye ya kuwa gharama yake ingalikuwa kama dola 100 tu kwa siku. Mabomba ya zamani yalikuwa ya risasi, na risasi ikaanza kuingia katika vikombe vya watoto. Risasi ni sumu ya ubongo. Huidhuru akili ya mtoto mdogo, wala alichoharibu hakirudi chote. Tena homa kali ya mapafu, iitwayo ugonjwa wa Legionnaires, ikazuka katika wilaya ile, ikaua watu 12.

Watu hawakunyamaza. Walibeba chupa za maji ya rangi ya kahawia mpaka kwenye mikutano. Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kuyatumia maji yale kwa sababu yalikuwa yakivila vyuma vyake, kikapata maji ya ziwa kwa njia nyingine. Hivyo injini zilipewa maji mema mwaka mzima kabla ya watoto. Machi 2015 baraza la mji likapiga kura, 7 kwa 1, kutaka mji urudi kwenye maji ya Detroit. Kura hiyo haikuwa na nguvu yo yote. Msimamizi aliikataa, akataja gharama.

Hapa na tusimame kidogo. Watu 7 waliochaguliwa na wenyeji, watu wanywao maji yale yale, walisema neno lililokuwa kweli. Mtu mmoja aliyechaguliwa kutoka juu alisema neno lililokuwa kosa. Neno la mmoja likashinda, kwa sababu mji ulikuwa na deni. Je, hiyo ndiyo hekima tuliyoahidiwa? Septemba 2015 daktari wa watoto wa mji ule, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwa hesabu ya kuwa sehemu ya watoto wenye risasi nyingi damuni imeongezeka karibu mara mbili. Maafisa wa jimbo walimpinga kwanza, kisha wakakubali. Oktoba 2015 mji ukarudishwa kwenye maji ya Detroit, mabomba yakiwa yamekwisha kuharibika.

Tufanye hesabu ya mwisho. Waliokoa, au walidhani wameokoa, dola milioni 5. Novemba 2021 hakimu aliyathibitisha mapatano ya fidia ya zaidi ya dola milioni 626, na milioni 600 katika hizo zililipwa na jimbo lenyewe. Hatujatia gharama ya kung'oa mabomba, wala ya watoto ambao hakuna hesabu iwezayo kuwalipa. Tume iliyowekwa na gavana mwenyewe ilitoa taarifa yake Machi 2016, ikaona ya kuwa lawama kubwa ni ya jimbo, kwa idara yake ya mazingira na kwa wasimamizi liliowaweka. Dawa ya deni ni kulipa, walisema. Naam, wamelipa.

Na msomaji asidhani Flint ulikuwa peke yake. Detroit wenyewe, mji uliokuwa na watu kama milioni 1.85 mwaka 1950, uliwekewa msimamizi Machi 2013, na Julai 18 mwaka huo ukatangaza kufilisika, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18. Mwaka 2013 karibu nusu ya watu weusi wote wa Michigan walikuwa wakikaa katika miji ambayo mabaraza yake yalikuwa yameondolewa nguvu. Wazungu wa jimbo hilo waliokuwa katika hali hiyo walikuwa wachache sana. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Lakini ukikausha mifuko ya maskini, kisha ukaondoa sauti ya mwenye mfuko mkavu, wajua tangu mwanzo ni nani atakayenyamazishwa.

Twajua tutajibiwaje. Wa kwanza atasema: "Viongozi wa miji hiyo walikuwa wezi na wabadhirifu." Baadhi yao walikuwa hivyo, wala hatuwatetei. Meya mmoja wa zamani wa Detroit alihukumiwa mwaka 2013 kwa ufisadi, akafungwa. Mji ule tena ulikopa mwaka 2005 zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya malipo ya wazee, kwa mapatano mabaya yaliyouumiza. Lakini angalieni: mwizi alikamatwa na mahakama, si na msimamizi wa dharura. Dawa ya mwizi ni sheria na ukaguzi wa vitabu. Diwani akiiba, afungwe diwani; kwa nini afungwe mdomo wa mpiga kura? Na hata viongozi wote wa Flint wangalikuwa malaika, fungu lililokatwa lisingalirudi, wala viwanda visingalifunguliwa.

Wa pili atasema: "Atoaye fedha ndiye mwenye amri." Neno hili lasikika vema mpaka uulize fedha zilitoka wapi. Kodi ya mauzo hulipwa dukani. Mama wa Flint akinunua viatu vya mwanawe, hulipa kodi ya jimbo pale pale. Jimbo halikulima fedha hizo shambani mwake. Lilizikusanya mijini kwa mikono ya wenye maduka, kisha likarudisha sehemu na kuiita msaada. Mtu akichukua maziwa ya ng'ombe wako, akakurudishia kikombe kimoja, usimpigie magoti kwa ukarimu wake.

Wa tatu atasema: "Kila mji na uishi kwa pato lake mwenyewe, wenye bidii watafanikiwa." Haya yangalikuwa maneno ya haki kama mipaka ya miji ingalifuata mipaka ya maisha ya watu. Haifuati. Tajiri huvuka mpaka jioni pamoja na kodi yake. Maskini hubaki pamoja na bomba bovu. Mji mkubwa hubeba hospitali, njia kuu na masoko ya nchi nzima iliyouzunguka. Kuuambia ujilipie peke yake ni kumwambia mpishi ajilipie chakula cha karamu yote kwa kuwa moto uliwaka jikoni kwake.

Labda mtu atauliza: Je, liko shirikisho lililofanya vema zaidi? Liko, ijapokuwa hakuna lililokamilika. Katika Ujerumani, katiba ya mwaka 1949 yazitaja serikali za miji na vijiji na kuzipa haki ya kujiendeshea mambo yao, na baadaye iliongezwa ya kuwa haki hiyo ina msingi wa fedha ndani yake. Miji ya huko hupokea asilimia 15 ya kodi ya mapato kama haki yake, na sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani. Tena kila mji hujiwekea wenyewe kiwango cha kodi ya biashara na cha kodi ya ardhi na nyumba. Tangu mwaka 2006 serikali kuu haina ruhusa ya kuitwika miji kazi mpya kwa sheria zake, na katiba za majimbo nazo zimeweka kanuni kwamba aagizaye ndiye alipaye. Hata hivyo iko miji huko, hasa ya bonde la Ruhr ambako migodi ya makaa ilifungwa, iliyolemewa na madeni. Kwa hiyo hatusemi ya kuwa katiba njema huondoa umaskini. Twasema huondoa udhalimu wa kumtwika mtu mzigo na kumkata mkono papo hapo.

Nigeria nayo yatufundisha neno la pili. Katiba yake ya mwaka 1999 yazitaja serikali za mitaa 774, na kuzipa fungu katika hazina ya shirikisho. Basi kwa nini zimelia miaka mingi? Kwa sababu fedha zao zilipita kwanza katika akaunti iliyoshikwa na jimbo, na zilizopita hazikuwa sawa na zilizofika. Tarehe 11 Julai 2024 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilihukumu ya kuwa majimbo hayana haki ya kuzishika, nazo zilipwe moja kwa moja kwa mabaraza yaliyochaguliwa na watu. Hukumu ni jambo moja na kutimizwa kwake ni jambo jingine; lakini neno limekwisha kunenwa. Haki iliyoandikwa haitoshi, ikiwa njia yake yapita mlangoni kwa mwenye njaa.

Na karibu nasi, Kenya, ijapokuwa si shirikisho, iliandika katika katiba yake ya mwaka 2010 kwamba kaunti zake 47, Nairobi na Mombasa zikiwamo, zigawiwe kila mwaka si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Magomvi juu ya kiasi na juu ya kuchelewa kwake hayajakosekana. Lakini ni heri kugombania kiasi cha haki yako kuliko kuomba hisani mlangoni.

Basi twasemaje? Twasema mambo manne. Kwanza, fungu la mji liandikwe katika katiba, lisiachwe katika sheria ya kawaida ambayo kila bunge lenye shida laweza kuitafuna. Pili, fungu hilo liende moja kwa moja mpaka kwenye baraza lililochaguliwa, na vitabu vyake vikaguliwe mbele ya watu wote. Tatu, serikali ya juu ikiagiza kazi, ilete na fedha ya kazi hiyo. Na ikiufunga mji usiongeze kodi, ijazie pengo iliyolifanya. Nne, mji ukiingia katika deni, usaidiwe, ukaguliwe, na hata kufilisika ufilisike mbele ya hakimu. Lakini sauti ya wenyeji isiondolewe. Maana mwenye kuyanywa maji ndiye wa kwanza kujua ladha yake.

Msomaji wa shambani asiseme, "Mambo ya miji yanihusu nini?" Watoto wetu wako mijini, nao hunywa maji ya huko. Tena kanuni hii haina mji wala shamba. Po pote palipo na baraza dogo chini ya serikali kubwa, swali ni lile lile. Mtu amtumaye mtoto kisimani bila ndoo, kisha akampiga kwa kurudi mikono mitupu, hatumwiti mlezi. Kwa hiyo mara nyingine mtakaposikia ya kuwa mji fulani umeshindwa kujitawala, msikubali upesi. Itisheni vitabu. Fungueni ukurasa wa mapato, si wa matumizi peke yake. Ulizeni ni nani aliyekata, mwaka gani, na kiasi gani. Mkiisha kupata jibu, ndipo mwamue ni nani aliyestahili kunyang'anywa kiti.